Walivyomfufua Baba Akiwa Hai

Nilijua ile filamu itakuwa upuzi tangu siku nilipoona kofia ya dairekta. Hapa Kitengela, jua la kukausha mate mdomoni, mtu mzima na akili zake anashuka kwa gari amevaa kofia ya sufu ya kuziba masikio. Aliingia dukani kwangu, mahali ninauza dawa za mifugo, akashika pua kwa sababu ya dawa ya kupe, halafu akaniuliza kama mimi ndiye binti wa yule mzee wa kuanguka.

Mzee wa kuanguka! Hivyo tu, kama mtu anayeulizia sindano ya ndama.

Nilimwambia mzee ana jina. Akasema ndiyo, ndiyo, jina watalitafuta, lakini kwanza amekuja na habari njema. Yeye na wenzake wa Nairobi wameamua kumfufua.

"Kumfufua nani?" nikamuuliza. "Mzee amekunywa chai leo asubuhi na tumegombana juu ya sukari."

Akacheka kile kicheko cha watu wa mikutano, meno yote nje, macho hayamo. Akasema si kumfufua yeye mwenyewe, ni kufufua brandi. Mimi nilimwangalia tu. Nimeuzia dawa watu wengi waliochanganyikiwa, na mtu wa aina hiyo unamwacha amalize mwenyewe.

Inabidi nieleze hiyo brandi, yaani jina lao la kuchekesha, ilikuwa kitu gani, maana siku hizi kila mwenye simu ni mchekeshaji na watu wamesahau. Zamani Kajiado nzima ilikuwa na watu wawili wa kuchekesha. Mmoja ni baba yangu, mrefu, mkavu, shingo ndefu. Wa pili ni mwenzake, mfupi mwenye tumbo la kumtangulia. Walikuwa wafugaji kama wengine wote. Siku ya soko, ng'ombe wakishauzwa, wanapanda nyuma ya lori na watu wanakusanyika. Kanisa likifanya harambee, waliitwa. Shule ikifungua darasa jipya, waliitwa. Redioni hawakufika, na hakuna mtu aliyewahi kuwapiga hata video moja.

Mchezo wao ulikuwa mmoja, na ulitosha. Kigoda kimoja, watu wawili wa rika moja. Sasa mtu asiye wa huku ataniuliza rika lina nini cha kuchekesha. Kwetu wanaume waliotahiriwa msimu mmoja ni kitu kimoja mpaka kaburini. Hawaheshimiani hata kidogo. Mtu wa rika lako anaweza kukutukana, akupige kofi, ale chakula chako ukimwangalia, na huna la kusema, kwa sababu ni kama umejipiga mwenyewe. Basi kigoda kikiwa kimoja, ni cha nani? "Keti wewe." "Aka, keti wewe." "Mimi niketi na wewe umesimama, watu watasema nini?" Wanavutana mashuka, kila mmoja anamkalisha mwenzake kwa nguvu, yote hiyo ni adabu, mpaka makofi yanaanza. Mwishowe baba anakubali. Anashukuru huku, anashukuru kule, na kila akishukuru kisigino chake kinasukuma kigoda nyuma kidogo. Kisha anaketi kama mtu aliyepewa mji wote, na kigoda hakipo.

Na kicheko chenyewe hakikuja hapo. Kuanguka hata mlevi anaanguka. Kicheko kilikuja baadaye kidogo, baba akiwa kwenye vumbi, anapoweka mguu juu ya mguu, anapanga shuka magotini, na kuendelea na mazungumzo kana kwamba hapo chini ndipo alikuwa anapatafuta tangu asubuhi. Nimeona akina mama wakishikana wasianguke wao. Nimemwona pasta akitoka nje ya hema ili waumini wasione machozi yake.

Mwenzake alifariki mimi nikiwa bado shuleni. Mjane wake akahamia Nkoroi na mtoto mchanga, na baba hakupanda lori tena. Watu walimwomba sana. Alikuwa anawajibu, "Nitagombania kigoda na nani?" Mambo yakaisha hivyo.

Kwa hivyo nilipomwambia habari ya yule mtu wa kofia, nilitarajia atoe rungu. Ole wangu. Mzee alinyoa ndevu siku hiyo hiyo.

"Papa, hawa watu hawajui hata ulikuwa unafanya nini," nikamwambia.

"Nitawaonyesha."

"Na nyonga? Daktari alisema nini juu ya hiyo nyonga?"

Alichovya ugoro, akapiga chafya yake. "Mtoto wangu, mimi nimeanguka maisha yangu yote, na hakuna mahali imebaki hata moja. Mwenzangu ameenda na zake zote. Mimi nataka moja. Moja tu ibaki mahali, watoto wako waione, na watoto wao, waseme huyu ndiye."

Naweza kugombana na mzee juu ya sukari mpaka majirani watoke nje, lakini hiyo ilinishinda. Nilikasirika, tena sana, kwa sababu alikuwa na haki.

Baada ya siku kadhaa wakaleta staa wao nyumbani. Kumbe ni yule mtoto mchanga wa Nkoroi, sasa mwanaume mwenye ndevu za kuchongwa, anayefuatwa na watu wengi kwa simu kwa sababu ya kumwagia wasichana uji kichwani. Hiyo ndiyo kazi yake, namwambia yeyote anayetaka kujua. Anamwaga uji. Dairekta alikuwa anameremeta. "Mtoto wa damu, mama! Mtoto wa yule orijino!" Walikuwa wamemfunga mto wa kitanda tumboni, kwa kuwa jina la baba yake alirithi, tumbo hakurithi.

Baba aliinuka kwa shida, akanyoosha mkono, kiganja chini, amguse kichwa. Mtoto wa mtu wa rika lako ni mtoto wako, hakuna maswali. Anakuinamia kichwa unakigusa, anakuita baba, basi. Mkono wa mzee ukakaa hewani ukingoja. Yule kijana akauona, akakunja ngumi, akagonga nayo mkono wa mzee.

"Niaje, lejendi!"

Mzee aliuangalia mkono wake. Halafu akacheka, akaniambia kwa Kimaa kwamba huyu ni wetu, amepotea njia tu. Mimi sikucheka. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, lakini huyu hata hakujua kama ana kwao pa kukataa.

Wakatuambia hadithi yao. Vijana wawili wa mjini wanaigiza mchezo wa zamani, wanapendwa na msichana mmoja, kuna kukimbizana kwa pikipiki, kuna choo kinachobomoka na mtu ndani. Katikati, yule kijana wa mto anakutana na mzee wa kweli, baba yangu, ameketi kwenye kigoda chake. Anakipiga teke kigoda, mzee anaanguka, watu wote wanacheka. Dairekta alisema hiyo itakuwa sehemu ya heshima.

"Heshima ya nani?" nikauliza.

"Ya mzee," akasema.

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia baba yangu hakuwahi kupigwa teke na mtu katika huo mchezo, alijiangusha mwenyewe kwa adabu zake. Nilimwambia huyu kijana kwa mila ni mtoto wake, na huku mtoto hapigi kigoda cha babake teke, hata kwa mchezo, hata kwa pesa. Akaniambia, "Mama, lakini si hawana undugu wa damu?" Ati hawana undugu wa damu. Debe tupu huliwezi kwa kelele.

Walichagua Kimuka kwa sababu milima inaonekana vizuri kwa kamera. Walitangaza wanataka watu wa kuketi na kucheka, na watu walikuja, wazee kwa mashuka yao mazuri, akina mama na shanga za harusi. Wengi walikuwa wamemwona baba kwenye lori wakiwa wadogo. Mama mmoja mzee, meno yamebaki machache, alimshika mkono muda mrefu akamwambia kwamba marehemu mumewe alimchumbia siku moja ya soko, wote wawili wakiwa bado wanafuta machozi ya kucheka. Baba alikuwa mrefu tena siku hiyo, jamani. Sikuwa nimemwona hivyo tangu mama azikwe.

Wakamkalisha kwenye kigoda. Yule kijana akaja akicheza mabega, mto unayumba, akasema maneno yake ya Sheng ambayo hakuna mtu pale aliyeyasikia vizuri, akapiga kigoda teke. Baba akaenda chini kwa ubavu.

Kimya.

Si kimya cha watu wasioelewa. Walielewa sana, kwa kuwa kabla ya hapo dairekta alikuwa amewatangazia kwa kipaza sauti huyu ni mtoto wa nani. Akina mama walifunika nyuso kwa mashuka. Wazee waliangalia chini. Yule mama wa meno machache akasema kwa sauti, "Uuui, yeyo, mama yangu! Amempiga babake!" na mwingine akatema mate chini kuiondoa hiyo laana isimfuate.

"Chekeni!" dairekta akapiga kelele. "Jamani, si tulisema mcheke?"

Hakuna hata mmoja. Wakarudia. Mzee akainuliwa, akawekwa, akapigwa teke tena, na watu wakazidi kuinama. Dairekta akaagiza soda. Fikiria, anafikiri watu wana kiu! Mwishowe mzee mmoja alimwita yule kijana kando, akamwambia polepole amefanya nini. Nilimwona akigeuka rangi kidogo. Akarudi, akasema, "Kwani si ni akting?" lakini alisema kwa sauti ndogo, na hakumwangalia baba.

Baba alikuwa bado chini. Mimi nilikuwa nimeshachoka, nimeshavua viatu nikimbie kwenda kumtoa, wote wajue jina langu siku hiyo. Akanipungia mkono nibaki. Aliinuka peke yake, akapangusa vumbi, akamwambia yule kijana, "Kaa kando, mtoto wangu. Mimi sihitaji kusukumwa."

Akachukua kigoda mwenyewe, akakiweka. Akakitazama. Akaanza kukikaribisha kile kigoda, ndiyo, kigoda chenyewe, kana kwamba mwenzake ndiye yuko upande ule mwingine, hajafa wala hajachelewa. "Keti wewe. Hapana, keti wewe. Mimi niketi na wewe umesimama?" Alivutana shuka na mtu ambaye hayupo, akapigwa kofi na mtu ambaye hayupo, shavu likageuka kweli. Akashukuru huku, akashukuru kule, kisigino kikifanya kazi yake. Na kisha akaketi pasipo na kitu.

Yesu wangu. Nilisikia ule mshindo mpaka pale nilipokuwa nimesimama.

Akawa chini. Akatulia. Halafu polepole mguu ukapanda juu ya mguu, shuka likapangwa magotini, na akamgeukia yule mama wa meno machache akamuuliza, kama mtu aliye kwake, kama mvua ilinyesha upande wao.

Kimuka ilipasuka. Sijui niseme nini kingine. Watu walilala kwenye nyasi. Wazee waliokuwa wamekunja uso walipigana mgongoni. Yule mama alijaribu kumjibu kuhusu mvua akashindwa, akabaki kupunga mkono tu. Nililia, na sioni haya, nililia na kucheka pamoja kwa sababu nilikuwa tena mtoto chini ya lori. Hata mtu wa kamera alikuwa anatikisika, lakini hakuiacha, taa nyekundu ilikuwa inawaka muda wote. Niliiangalia kwa makusudi.

Yule dairekta? Alikuwa pembeni na simu, anaonyeshana na staa kitu. Kelele zilipoisha akainua kidole gumba, akasema, "Nzuri, nzuri, mzee bado anazo," akaagiza watu wapange kamera za pikipiki kabla jua halijashuka.

Baba hakuweza kuinuka. Tulimbeba, mimi na wazee wengine, tukamlaza nyuma ya pikapu kwenye magodoro. Uso ulikuwa wa majivu kwa maumivu, na jasho. Akanivuta sikio.

"Wameishika?"

"Wameishika, Papa. Niliona taa."

Akafumba macho akitabasamu, na hakuyafungua tena mpaka Kitengela.

Mvua zote za msimu ule zilimkuta kitandani. Nyonga ilikuwa imepata ufa, na daktari alinigombeza mimi kana kwamba mimi ndiye niliyemwangusha. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha, na mdomo wangu haukunyamaza hata siku moja juu ya wale watu na kofia zao. Yeye alikuwa ananisikiliza kwa upole wa kuudhi. Kila mgeni aliyekuja kumwona alimwambia, "Yangu iko kwa filamu. Ngojeni mtaiona." Wajukuu aliwaambia mara nyingi mpaka wakaanza kumsaidia kumalizia.

Siku ya kuionyesha ilifika, hapa hapa Kitengela, ukumbi wa ghorofani kwenye jumba jipya la maduka, ule wenye ngazi za kujisukuma ambazo siku nyingi hazijisukumi. Tulimpandisha mzee kwa kiti. Alikuwa amevaa shuka jipya jekundu na saa yake. Viti vya mbele, tukaambiwa, ni vya wafadhili, kwa hivyo mtu ambaye walikuwa wamemfufua walimketisha nyuma, karibu na mlango wa choo. Staa alipita na miwani myeusi ndani ya giza, akijikwaa kwenye zulia, na hapo ndipo alipochekesha kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Watu walikuwa na bisi kwenye ndoo za karatasi. Watoto wangu waliketi mbele ya babu yao na kugeuka kila mara kumtazama.

Filamu yenyewe siwezi kuisimulia yote bila kujidhulumu. Mtu alijamba. Mtu akamwagiwa maziwa lala. Mtu akajamba tena. Kamera ikaruka juu ya milima ikizunguka bila sababu. Choo kikabomoka. Kigoda cha watu wetu walikuwa wamekipaka rangi za bendera na kukiita "kiti cha uchawi." Nilikuwa nasema aka, aka, mpaka mtu wa mbele akageuka.

Kisha Kimuka. Baba akaonekana, mkubwa ukutani, na watoto wangu wakapiga makofi. Macho ya mzee siku hizi yana ukungu, kwa hivyo aliniuliza kama ni yeye. Nikamwambia ni wewe, Papa. Kijana akaja, mto ukayumba, teke. Baba akaenda chini kwa ubavu. Na hapo, juu ya ule ukimya wa watu wa Kimuka, wakamwaga kicheko. Kicheko cha mashine, cha watu ambao hawajawahi kukanyaga Kimuka. Wakaonyesha akina mama wamefunika nyuso, ionekane wanaficha meno. Wakamwonyesha yule mama mzee akisema uuui yeyo, sauti wameifunika kwa ngoma. Na ukumbi mzima wa Kitengela, majirani zangu, wateja wangu, watu ninaowauzia dawa ya kupe, wakacheka naye yule kijana. Nilitamani niwataje mmoja mmoja.

Baba alinipigapiga goti. "Hiyo ni yao," akasema. "Yangu inakuja."

Ikaja pikipiki. Akaja msichana anaimba kwenye mvua. Mzee alikuwa ameegemea mbele, mikono kwenye bakora, hapumui vizuri.

"Bado?"

"Bado, Papa."

Ikaja harusi. Ikaja keki usoni mwa askari. Watoto wangu waliacha kugeuka.

"Bado?"

Ukutani walikuwa wanakumbatiana, muziki umepanda, na mimi nilishajua. Nikasema bado. Kisha ukuta ukawa mweusi na majina yakaanza kupanda, na watu wakasimama wote kwa pamoja, wakishika ndoo zao za bisi, wakimziba mzee asione.

Baba akainua bakora yake. "Ketini!" akaita, kwa ile sauti ya lori, sauti ya soko zima. "Ketini kwanza, yangu haijafika!"

Watu wakageuka, wakamwona, wakamtambua. Na wakacheka. Walicheka sana, wengine wakimpigia makofi, wakidhani ameanza mchezo.